Zawadi ya Kipaimara: Tumpe Nini Kijana Wetu?



Jumapili hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini ambalo limewaaibisha watu wazima na kuwaliza watoto katika parokia nyingi. Jambo lenyewe ni zawadi ya Kipaimara. Baba Askofu anatarajiwa, vijana wanakamilisha mafundisho, nguo zinashonwa, na katika kila nyumba swali ni lile lile: tumpe nini kijana wetu?

Tuanze na kisa tulichokishuhudia wenyewe. Katika parokia moja tuliyopata kuihudumia, palikuwa na kijana wa miaka 15 kutoka kigango cha mbali. Kwa miaka miwili alifika kwenye mafundisho kila Jumamosi kwa miguu, jua au mvua. Msimamizi wake alikuwa fundi mwashi, mtu mtulivu, ambaye hakukosa sala za jumuiya. Siku ya Kipaimara vijana walipanga mstari mbele ya Askofu, kila mmoja na msimamizi wake nyuma yake. Kijana huyu alisimama peke yake. Katekista alipoona hivyo alitoka mahali pake upesi, akaenda kuweka mkono begani mwa mtoto, na adhimisho likaendelea.

Baada ya Misa tulimkuta yule fundi ameketi chini ya mwarobaini nyuma ya kanisa, amevaa shati lake la Jumapili. Alikuwa amefika tangu alfajiri. Tulipomwuliza kwa nini hakuingia, alijibu kwa sauti ya chini: "Padre, mwaka jana wasimamizi walitoa saa na simu. Mimi huu ni mwezi wa tatu sijapata kazi. Ningesimamaje nyuma ya mtoto wa watu nikiwa mikono mitupu?"

Maneno hayo hayajatutoka moyoni hata leo. Mtu mwema alimnyima mtoto mkono wake kwa sababu hakuwa na kitu cha kushika mkononi. Wala hatuwezi kumlaumu yeye peke yake. Sisi sote, mapadre, makatekista, wazazi na wanajumuiya, tulikuwa tumeiacha zawadi ikakua mwaka hata mwaka, mpaka ikaziba mlango wa kanisa. Ndiyo maana twaona yafaa kulieleza jambo hili polepole.

Kwanza tujikumbushe ni kitu gani kinachotolewa siku ile. Kiswahili chetu kimetupa neno lenye mafundisho ndani yake. Kipaimara ni neno la kuunganishwa: ndani yake mna kupa, na mna imara. Ni sakramenti impayo mtu uimara. Basi siku ile yupo Mpaji aliyetutangulia, na ipo zawadi iliyotangulia zawadi zetu zote. Askofu, au padre aliyepewa mamlaka hayo, huwanyoshea vijana mikono na kumwomba Mungu Baba awashushie Roho Mtakatifu pamoja na mapaji yake saba: hekima, akili, shauri, nguvu, elimu, ibada na uchaji wa Mungu. Mapaji hayo tunayasoma kwanza katika utabiri wa nabii Isaya, sura ya 11, anaponena juu ya Masiha.

Kisha Askofu huchovya kidole gumba katika Krisma takatifu. Hayo ni mafuta yaliyochanganywa na manukato, na ambayo Askofu mwenyewe huyaweka wakfu katika Misa ya Krisma, siku ya Alhamisi Kuu au siku nyingine iliyo karibu na Pasaka. Kwa mafuta hayo humpaka kijana alama ya msalaba kwenye paji la uso. Sikilizeni vizuri lugha yetu: paji la Mungu linapokelewa penye paji la uso, mahali ambapo mtu hawezi kupaficha anaposimama mbele ya wenzake. Na maneno ayatamkayo Askofu wakati huo, kama yalivyopangwa na Papa Paulo VI mwaka 1971, yanamtaja Roho Mtakatifu mwenyewe kuwa ndiye paji, naye hutiwa kama mhuri. Kijana hujibu, "Amina". Mhuri huo haufutiki, na kwa sababu hiyo Kipaimara hupokelewa mara moja tu katika maisha yote.

Hapo ndipo tunapopata kipimo cha zawadi zetu. Kila tunachokitoa siku ile kiulizwe swali moja: Je, kitamsaidia kijana huyu kubaki imara katika kile alichopewa na Mungu? Kikisaidia, kimekuwa zawadi ya Kipaimara, hata kama bei yake ni ndogo. Kisiposaidia, chaweza kuwa kitu kizuri, lakini kingefaa kungoja siku nyingine.

Maandiko Matakatifu yanatuonya mapema juu ya hatari ya kuchanganya fedha na paji hilo. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 8, Petro na Yohane wanakwenda Samaria kwa watu waliokwisha kubatizwa, wanawaombea na kuwawekea mikono, nao wanampokea Roho Mtakatifu. Katika masimulizi hayo Kanisa linaona mwanzo wa sakramenti yetu. Papo hapo anajitokeza Simoni, aliyekuwa mchawi, akiwa na fedha mkononi. Ataka kuununua uwezo ule. Petro anamkaripia vikali, kwa kuwa alidhani kipaji cha Mungu chapatikana kwa mali. Sisi hatusemi kwamba mzazi anunuaye saa ni sawa na Simoni. La hasha! Twasema tu kwamba pale ambapo kijana aanza kuhesabu Kipaimara kwa thamani ya vitu alivyopata, kivuli cha Simoni kimeingia nyumbani mwetu kwa mlango wa nyuma.

Je, basi, tusitoe kitu? Hapana, ndugu zangu. Kutoa ni tabia njema, na Biblia imejaa watu waliotoa vizuri. Tuwatazame watatu.

Wa kwanza ni Hana, mama yake Samweli. Alipokwisha kumtoa mwanawe amtumikie Bwana hekaluni, hakumsahau. Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 2, chatuambia kwamba kila mwaka alimshonea kanzu ndogo, akampelekea alipopanda na mumewe kutoa dhabihu. Mama yule alipaswa kukisia kila mwaka mtoto amekua kiasi gani. Kanzu ya mwaka jana isingemfaa mwaka huu. Tunajifunza kwamba zawadi njema hutoka kwa mtu amfikiriaye mtoto hata asipomwona, na kwamba haiishi siku moja.

Wa pili ni Yonathani, mwana wa mfalme Sauli. Alimvulia Daudi joho lake, akampa pamoja na upanga wake, upinde wake na mshipi wake. Vitu hivyo havikutoka dukani. Yonathani alitoa alichokuwa akikitumia mwenyewe. Kitu kilichokwisha kumhudumia mtu mzima katika maisha ya imani, kama kitabu cha sala alichokishika miaka 20, chaweza kuwa na uzito kuliko kitu kipya.

Wa tatu ni Mtume Paulo. Akiwa kifungoni alimwandikia kijana wake Timoteo. Alimkumbusha imani ya bibi yake Loisi na ya mama yake Eunike, akamhimiza akichochee kama moto kile kipaji cha Mungu alichokipata kwa kuwekewa mikono. Paulo hakuwa na mali ya kutoa. Alitoa barua, na Kanisa laisoma barua hiyo mpaka leo.

Wapendwa wasikilizaji, baada ya kutazama mifano hiyo, tushuke sasa kwenye mambo ya sokoni na nyumbani, maana tunajua mnangoja kuambiwa vitu vyenyewe.

Zawadi ya kwanza tunayoipendekeza ni Biblia. Lakini msinunue kwa kuangalia jalada. Kabla hujalipa, fungua ukurasa wa yaliyomo uhesabu. Biblia itumiwayo na Kanisa Katoliki ina vitabu 73, yaani 46 vya Agano la Kale na 27 vya Agano Jipya. Tafuta Tobiti, Yudithi, Wamakabayo wa Kwanza na wa Pili, Hekima, Yoshua bin Sira na Baruku. Usipoviona, kijana wako atakuja kukosa masomo mengine yasomwayo katika Misa. Chagua maandishi yanayosomeka bila taabu, na lugha anayoielewa. Kisha andika kwa mkono wako ndani ya jalada: jina lake, tarehe, jina la parokia, na sura moja uliyomchagulia. Kijana aambiwe, "Sura hii nimekutafutia wewe," naye atakwenda kuisoma usiku ule ule.

Ya pili ni rozari. Hii ni zawadi ya bei ndogo, na maduka mengi ya parokia huwa nayo. Ikiambatana na kijitabu, angalieni kama kijitabu hicho kina matendo ya mwanga, ambayo Papa Yohane Paulo II aliyaongeza mwaka 2002. Vitabu vya zamani vina matendo 15 tu, ilhali sasa ni 20. Nunueni kwanza, kisha mpelekeeni padre aibariki, kwa kuwa baraka hainunuliwi. Hapa twaomba kusema wazi. Wapo vijana wanaovaa rozari shingoni kama mkufu wa urembo, na wapo watu wazima wanaoiweka chini ya mto au kuining'iniza garini kama hirizi ya kufukuza balaa. Mkristo hana hirizi. Rozari hufanya kazi inaposaliwa. Kwa hiyo anayetoa rozari na atoe pia nusu saa: akae na kijana, wasali pamoja mara ya kwanza. Ndipo zawadi itakapokuwa imekabidhiwa kweli.

Ya tatu ni maisha ya mtakatifu. Kijana akipewa picha au kijitabu cha mtakatifu somo wake, amepewa mwenzi wa njia. Na hatuna haja ya kwenda mbali. Mtakatifu Kizito wa Uganda alikuwa na umri upatao miaka 14. Alibatizwa na Karoli Lwanga usiku mmoja wa Mei mwaka 1886, na tarehe 3 Juni mwaka ule ule wote wawili waliuawa kwa moto huko Namugongo. Husimuliwa kwamba Karoli alimwahidi Kizito kumshika mkono saa ya kujaribiwa itakapofika. Wasimamizi wa Kipaimara wanaposikia habari hii, na waelewe kazi yao ni ipi.

Kwa wasichana yupo Mwenye Heri Anuarite Nengapeta wa Kongo, aliyeuawa huko Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kulinda nadhiri yake ya usafi, na akatangazwa Mwenye Heri huko Kinshasa mwaka 1985. Kwa wale watakaoingia kazini karibuni yupo Mwenye Heri Floribert Bwana Chui wa mji wa Goma. Alifanya kazi katika idara ya serikali ya kukagua bidhaa. Alikataa rushwa, akazuia chakula kilichoharibika kisiwafikie wananchi, na kwa ajili hiyo akauawa Julai mwaka 2007, akiwa na miaka 26. Alitangazwa Mwenye Heri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Tukitaka kumweleza kijana maana ya paji la nguvu, habari ya Floribert yatosha: mtu aliweza kutia saini karatasi moja tu akanusurika, naye hakutia.

Ya nne ni kitu ambacho wengi hawakifikirii: jalada imara la kuhifadhia vyeti. Kipaimara huandikwa katika kitabu cha parokia, na taarifa yake hupelekwa hata katika parokia alikobatizwa. Kijana atakapotaka kufunga ndoa, au kuingia seminari au utawa, ataombwa vyeti hivyo. Ni vijana wangapi wamekuja ofisini kwetu bila kujua walibatizwa lini wala wapi? Mpe jalada, weka ndani yake cheti cha ubatizo au nakala yake, na mwambie siku yake ya ubatizo ili aiadhimishe kila mwaka. Kama mshumaa wa ubatizo bado upo kabatini kwa mama, hapo ndipo mahali pa kuutoa tena.

Ya tano ni vifaa vya kazi na masomo. Mtu asidhani kwamba zawadi ya Kipaimara sharti iwe na msalaba juu yake. Kijana asiye na viatu vya shule akinunuliwa viatu, amesaidiwa kusimama imara. Vivyo hivyo jembe, mche wa mparachichi wa kupanda uani, kuku jike wa kufuga, au kalamu na madaftari ya muhula mzima. Wazee wetu walipomvusha kijana kuingia utu uzima walimpa kitu cha kazi, kwa maana waliona kwamba aliyekua lazima azalishe na kuwafaa wengine. Kanisa halidharau hekima hiyo. Roho Mtakatifu hutolewa ili tuwe mashahidi, na ushahidi wa kijana huonekana darasani, shambani na karakanani kabla haujaonekana mahali pengine. Ila mtoaji aeleze neno lake. Anayetoa kuku na aseme, "Mayai ya kwanza ukiuza, kumbuka sadaka na kumbuka bibi yako."

Ya sita ni barua. Tunawasihi wazazi na wasimamizi wote, hata wale wenye uwezo mkubwa, wasiiache hii. Karatasi moja yatosha. Andika mambo matatu. Mosi, jambo jema ulilomwona nalo kijana huyu, kwa mfano jinsi alivyomuuguza mdogo wake au alivyorudisha fedha zisizo zake. Pili, jambo moja ambalo imani imekusaidia wewe mwenyewe katika shida, bila kujisifu. Tatu, ahadi yako kwake: utamwombea siku gani, na akipatwa na tatizo akutafute wapi. Vijana wengi hawajawahi kusikia kwa baba yao neno la kusifiwa. Asiyejua kuandika na amwombe mtoto wake au katekista amwandikie. Maneno yatabaki yake.

Huenda mtu akauliza, "Na simu je? Na bahasha ya fedha?" Tusijidanganye, hivyo ndivyo vijana wengi wanavyovitamani. Simu si dhambi. Mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na ambaye Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alitumia kompyuta kueneza habari za miujiza ya Ekaristi. Chombo chafuata mkono wa mwenye nacho. Lakini kwa maoni yetu, kama wazazi wameamua kumnunulia mtoto simu, wafanye hivyo siku nyingine, kwa mapatano na masharti ya nyumbani. Ikitolewa siku ya Kipaimara, tutamwona jioni ile ameinamia kioo, na Krisma haijakauka katika paji la uso. Fedha nazo zikitolewa, zipewe kazi: ada, sare, au kitabu kilichokosekana. Bahasha isiyo na neno husahauliwa upesi.

Sasa twarudi kwa wasimamizi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaeleza sifa za msimamizi: awe amefikisha miaka 16, Askofu asipopanga umri mwingine au pasipo sababu ya haki ya kumkubali mwenye umri mdogo zaidi, awe Mkatoliki aliyekwisha kupokea Kipaimara na Ekaristi, awe anaishi maisha yanayolingana na imani na kazi anayoichukua, tena asiwe baba wala mama wa kijana. Sheria hiyo yapendekeza pia kwamba msimamizi wa ubatizo ndiye awe msimamizi wa Kipaimara, ili mkono uliomshika mtoto mchanga ndio umshike kijana. Kazi yake ni kuangalia kwamba kijana aishi kama shahidi wa kweli wa Kristo. Someni kanuni hizo kutoka mwanzo hadi mwisho, hamtakuta neno fedha, wala gari, wala cheo. Mzazi amtafutaye msimamizi kwa kupima mfuko wake amemkosesha mtoto wake baba wa imani, akampatia mfadhili wa siku moja.

Nanyi makatekista, walinzi wa vijana wetu, twawaomba mambo manne. Waambieni wasimamizi, katika mkutano wenu wa kwanza nao, kwamba zawadi si sharti la Kipaimara na kwamba hakuna atakayeulizwa. Katazeni zawadi zisitajwe kwa kipaza sauti wala kufunguliwa mbele ya watu, kwa kuwa hapo ndipo mtoto wa maskini anapochomwa moyo. Ongeeni na jumuiya ndogo ndogo ili zichange kidogo kidogo, na kila kijana apate kitu kile kile kimoja, kama rozari au kitabu cha sala. Haba na haba hujaza kibaba, na hapo yatima atakuwa sawa na mtoto wa tajiri. Mwisho, watambueni mapema vijana wasio na mtu, na muwatafutie msimamizi kabla siku haijafika.

Vijana nao tuwafundishe kupokea. Ajifunze kusema ahsante kwa leso kama angesema kwa saa. Tena ajue kwamba siku ya Kipaimara naye ni mtoaji. Ni vizuri wiki ile amtembelee mgonjwa mmoja, au achote maji kwa kikongwe, au apatane na mwenzake waliyegombana. Kwa kufanya hivyo atakuwa ameanza kutoa matunda ya Roho kabla hajazoea kuhesabu mapaji.

Kabla hatujaagana, mngependa kujua yaliyompata yule fundi. Tulizungumza naye chini ya mwarobaini kwa muda mrefu, tukamwomba radhi, naye akalia. Jumamosi iliyofuata alikwenda nyumbani kwa kijana. Alichukua timazi yake, ile kamba yenye kipande cha risasi ambayo waashi huitumia kupimia unyofu wa ukuta. Ilikuwa imechakaa kwa miaka ya kazi. Akamwambia, "Mwanangu, siku ile nilikuacha peke yako. Sina kitu kipya. Hii imenilisha mimi na watoto wangu. Ukuta ukipinda kidogo chini, juu hupinda sana. Kwa hiyo pima kila tofali." Tangu hapo, kila likizo, kijana alikwenda kumsaidia kazi, na jioni walisali pamoja kabla ya kuachana.

Kijana hakuwa mwashi. Alisoma, na leo ni mwalimu wa shule ya msingi. Tulipomtembelea tuliiona timazi imetundikwa kwenye msumari, juu ya meza anaposahihishia madaftari. Tulimwuliza alipata zawadi gani nyingine siku zile. Alifikiri kidogo, akasema hakumbuki.

Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Basi twendeni kwa amani tukawatayarishie vijana wetu siku yao, na mtu yeyote asiketi nje ya kanisa kwa kukosa kitu cha kutoa. Mkono wake begani mwa mtoto ndio tunaouhitaji kwanza.

Tuombe. Ee Roho Mtakatifu, Paji la Baba na la Mwana, uwaimarishe vijana wetu watakaotiwa mhuri wako. Utufundishe sisi wazazi, wasimamizi na makatekista kuwapa vitu vitakavyowasaidia kukutunza, na zaidi ya vitu, utujalie kuwapa muda wetu, mfano wetu na sala zetu. Uwafariji walio maskini, uwaondolee aibu isiyo yao. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.